Gari ya Mukwe Wangu Inakula

Mi sikukataza gari kupita. Bantu ba Baraka banapenda kusimulia kwamba Mama Florentine alifunga barabara ya Fizi kwa mudomo wake, na hata ukifika Makobola utakuta hadithi imekutangulia. Ni uongo. Barabara ni ya serikali, kama kweli ile ni barabara. Nilichokataza ni kitu kimoja tu: mukwe wangu asile mbele yangu. Kama yeye ameamua kula kupitia gari, kosa ni langu?

Mukwe wangu anaitwa Bertin. Nalitaja jina lake hapa sababu hayupo. Mbele yake sikuwahi kulitaja, ndivyo bukwe, adabu ya ukwe, inavyotaka. Kwetu, bwana ya binti yako hali mbele yako, haingii jikoni kwako, hagusi kitu chako, na chakula hakuombi kwa mudomo wake. Akiwa na neno anatuma muntu wa katikati. Inakwenda hivyo mpaka siku wewe mwenyewe, mama mukwe, utakapomulisha kwa mukono wako. Siku hiyo bukwe inavuliwa, anakuwa mutoto wa nyumba, anaweza kuja kufunua sufuria zako akiuliza leo kuna nini. Bamama bengine banamaliza jambo hilo mwaka wa kwanza. Mi sikuwa na haraka. Heshima nikishaiachilia, nitaifuata wapi?

Na benye kunicheka basikie hili pia. Tulipokimbia vita tuliishi Nyarugusu, kambini kule Tanzania. Mama yangu na bwana yangu balikula katika hema moja, na katikati balitundika blanketi ili basionane. Kisha tukafiwa na mutoto, blanketi ikaenda naye kaburini, na ingine hatukupata. Toka siku ile mama yangu alikula akiangalia ukuta wa plastiki, chakula kinamukwama. Aliniambia, vita imetunyang'anya nyumba, imetunyang'anya mashamba, lakini hii ya kula mbele ya mukwe ndiyo inaniuma. Alikufa kule kule. Basi mi nikirudi Baraka nilisema, kwangu mimi blanketi ile itabaki imetundikwa, hata kama haionekani.

Marehemu bwana yangu yeye alirudi na miche ya minazi aliyoitoa Kigoma. Bantu bakacheka. Huku ni kwa mawese, banasema, nazi ni chakula ya nani? Minazi ikakua hivyo hivyo nyuma ya nyumba. Nikapika wali wa nazi miaka yote, peke yangu katika avenue nzima, na mupita njia akisikia harufu ile alijua iko mbele ya jiko la Mama Florentine.

Sasa, mazuti, ile dizeli ya magari, ikapotea. Barabara ya Uvira ilifungwa na vita, boti zikileta kidogo kinaishia kwa benye nguvu, na esanse ya pikipiki nayo ikaifuata mazuti huko ilikokwenda. Pikipiki zikalala. Bertin ana Land Cruiser moja ya zamani, inabeba bantu na mizigo kati ya Baraka na Fizi. Yeye na binti yangu Florentine banaishi Fizi-Centre, kule juu kwenye baridi. Mi nyumba yangu iko huku chini, Baraka inapoishia, kando ya barabara ya kwenda kwao. Gari ya Fizi isiyopita mbele ya mulango wangu hakuna.

Bertin alisoma ufundi Kalemie na kichwa chake hakitulii. Akajifunza kwamba mafuta ya kupikia yanaweza kugeuka mazuti: unayapasha moto, unayachanganya na alkoli kali na ile soda ya kutengenezea sabuni, unayaacha yatulie. Juu unapata mazuti, chini unapata kitu kizito cha kufanyia sabuni. Akaanza na mawese, sababu mawese ndiyo tunayo. Huku chini gari ilikwenda vizuri sana. Ikalala Fizi, na asubuhi mafuta yakakutwa yameganda kwenye mipira ya motere kama sombe ya jana, yale majani ya mihogo tunayopika na mawese. Abiria balishuka bakaenda kwa miguu, banamuuliza kama bamuletee bugali ya kuyalia.

Ndipo akasikia kwamba mafuta ya nazi yakigeuzwa vile hayaogopi baridi. Na nazi, katika Baraka nzima, iko kwa nani? Iko kwa muntu mumoja ambaye yeye hawezi kumuomba chakula.

Akamutuma Consolate. Consolate ni jirani yangu, mama mukimbizi wa Burundi, analima kando yangu, na ulimi wake hauna breki.

"Mama Florentine, mukwe anaomba nazi."

"Mukwe anaomba chakula?"

"Haombi chakula. Anaomba mazuti. Bahati mbaya inaota juu ya muti."

Nikafikiri. Gari haina mudomo, nikasema, abebe. Na sitadanganya, nilijisikia vizuri. Minazi ya bwana yangu, ile baliyoicheka, sasa ndiyo inabeba bantu kupanda Fizi. Nilitembea sokoni kichwa juu, na bamama ba mawese balinisalimia kwanza. Consolate yeye alijipatia kile kizito cha chini, akafanya sabuni, akaanza kuuza.

Asubuhi gari ilipopita mara ya kwanza na mafuta yale, nilikuwa nafagia. Nikasikia motere, kisha nikasikia harufu. Yesu wangu. Wali wa nazi. Sisemi harufu ya kufanana, nasema wali wangu mimi, ule wa Noeli, na maandazi yanakaangwa kando. Ikaingia uani, ikazunguka jikoni, ikatoka. Na nani iko kwenye usukani? Mukwe wangu, shingo imenyooka, macho mbele, anakula jikoni kwangu mbele ya abiria na kuku zao.

Nikamwita Consolate. "Umwambie, anakula mbele yangu."

Consolate alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, ule ni moshi."

"Moshi wa nini?"

"Wa gari."

"Na gari imekula nini?"

Akasimama, akajipangusa vumbi. Muntu wa Burundi akisimama bila kucheka, ujue umemushinda.

Jambo likafika kwa Pasta Placide, sababu huku kwetu jambo likikosa mwenyewe linapelekwa kwa pasta. Alikuja akakaa barazani kwangu, akangoja gari ipite. Ikapita. Akavuta pumzi, na nilimuona kwa macho yangu akimeza mate.

"Mama," akasema, "Maandiko hayasemi kitu juu ya moshi."

"Lakini pasta, umemeza mate."

Akakohoa. Mwisho akatoa hukumu. Kama motere haiwaki, moshi hakuna. Kama moshi hakuna, hakuna mwenye kula. Basi mukwe akikaribia nyumba ya mama mukwe azime motere, apite, kisha awashe kule mbele. Bazee bote balioketi naye balikubali kwa kichwa, hukumu nzuri, ya hekima. Hakuna aliyeuliza gari itapita na nguvu ya nani.

Ilisukumwa. Kila siku, kwenda na kurudi, abiria balishuka kabla ya minazi yangu, bakasukuma mpaka nyumba ya Consolate, bakapanda tena. Bamama na ndoo zao za samaki wadogo, ndagala, mwalimu na kravati yake shingoni, hata polisi mumoja na bunduki mugongoni. Bertin anashika usukani kupitia dirisha, anasukuma na bega, na akifika mbele ya mulango wangu anavua kofia. Mi nilikaa barazani, nikajifanya nachagua muchele. Heshima kama ile sijui kama kuna mama mukwe mwingine aliyeipata.

Aliyekasirika ni Florentine. Alikuwa na mimba, ya kwanza, aliyoingojea mpaka bantu bakaanza kusema. Akanitumia sauti kwenye simu: "Mama, bwana yangu anachekwa Fizi nzima. Banamwita Baba Sukuma. Mi kwako sifiki tena mpaka uache mambo hayo, na huyu mutoto utamuona kanisani kama bantu bengine banavyomuona."

Nikamujibu, heshima si utumwa. Kwa hasira nikamwambia Consolate nazi zimeisha. Zilikuwa juu ya minazi zinaonekana na kila muntu, lakini nikasema zimeisha. Bertin aliendelea na mafuta aliyokuwa ameyaweka, na aliendelea kusukuma.

Iliniuma, nisifiche. Florentine ndiye mutoto pekee niliyebaki naye, bengine niliwaacha kwenye udongo wa kambi. Namupenda kuliko macho yangu, na macho yangu bado mazima. Kila usiku nilishika simu nimwambie njoo, na kila usiku nikajisikia mjinga, nikaiweka. Muchana nilikamua mafuta ya nazi safi, ya kumupaka mutoto, nikayaweka kwenye bidoni, kidumu kidogo, chini ya kitanda. Mutoto akizaliwa bila mimi kumupaka, nilijua, mi na binti yangu tumekwisha.

Siku yenyewe Consolate alikuwa amekwenda kambini Lusenda kwa ndugu zake. Nilikuwa barazani. Nikaona gari inakuja kimya, polepole sana, kutoka upande wa Fizi. Abiria hakuna. Bertin anaisukuma peke yake, shati imelowa, miguu inateleza kwenye mchanga. Akafika mbele ya mulango, akavua kofia, akasimama. Akaangalia kwa Consolate, kumefungwa. Akaangalia barabarani, hakuna muntu. Kwenye nguzo nilikuwa nimefunga mbuzi. Akamugeukia mbuzi.

"Mbuzi," akasema, "nisikilize vizuri. Florentine iko hospitali toka jana. Mutoto amekaa vibaya. Badaktari banataka kumupasua, kila kitu iko tayari, lakini yeye anakataa. Anasema haingii chumba kile kama mama yake hajafika. Badaktari banasema kila saa inayopita ni mubaya."

Nilisimama, muchele wote ukamwagika. Na mimi nikamwambia mbuzi: "Muulize, mambo yakiwa hivi, gari ameisukuma ya nini?"

"Mbuzi, hiyo ni sheria ya mama."

Nilitaka kumupiga. Sikujua nimpige yeye au mbuzi. Na Florentine ukaidi ule aliutoa wapi, sijui, baba yake alikuwa muntu mupole kabisa.

Nilichukua bidoni ya mafuta ya mutoto. Nikachukua na chakula iliyokuwa tayari, wali, sombe, samaki mukeke wa kukaanga, sababu hospitali muntu haendi mikono mitupu. Nikapanda nyuma, nikaketi nikiangalia tulikotoka ili nisimuone. Nikapaza sauti kwa mbuzi kwamba awashe hapo hapo. Akawasha mbele ya mulango wangu, moshi ukaingia mpaka chumbani, na mi sikuangalia.

Tulikwenda mbio huku chini. Tukaacha mashamba ya mihogo, tukaanza kupanda, hewa ikawa baridi. Kwenye mulima, Fizi bado haijaonekana, gari ikakohoa, ikakohoa tena, ikasimama. Bertin akashuka, akafungua tanki, akatikisa gari kwa bega. Mbuzi hatukuwa naye. Akachuchumaa kando ya gurudumu.

"Gurudumu," akasema, "mafuta yameisha."

"Muulize sababu gani hakuweka mengine."

Akalipangusa gurudumu vumbi. "Gurudumu, nazi zilikatika."

Nazi nani alizikata? Nikaangalia mulima. Barabara yote ilikuwa tupu, kama inavyokuwa toka mazuti ipotee. Magoti yangu hayawezi kupanda mulima ule hata mpaka kesho, na kule juu binti yangu amelala mbele ya mulango wa chumba ananingoja, na mutoto ndani yake anachoka.

"Gurudumu," Bertin akasema taratibu, "nyuma kule iko bidoni. Kama ni mafuta ya nazi safi, na motere bado iko na moto, itayakubali mpaka Fizi. Haitayapenda, lakini itayakubali."

"Basi achukue."

"Gurudumu, mi sigusi kitu cha mama."

Na kweli alikuwa na haki. Sheria niliishika mi mwenyewe na mikono yangu miwili miaka yote, yeye anaivunja na ruhusa ya nani? Nikashuka. Mafuta yalikuwa yameanza kuwa meupe kwa baridi. Akaliambia gurudumu kwamba mama aweke bidoni juu ya motere. Nikaiweka, nikaizungushia kitenge changu, nikasimama pale naingoja kama muntu anayepika. Na kweli nilikuwa napika. Yakayeyuka, yakawa maji.

Nikaenda mbele ya tanki. Nilimufikiria mama yangu na ukuta wake wa plastiki. Nikamuomba anisamehe, nikamimina. Mafuta ya kumupaka mutoto yakaingia yote. Bertin aligeuka akaangalia upande wa mulima, ili asione anavyolishwa.

Nilipofunga kifuniko nilijua nimefanya nini. Nimemulisha mukwe kwa mukono wangu, kando ya barabara, bila mbuzi kuchinjwa, bila shahidi, bila hata kunawa. Jambo nililolikalia miaka yote kama kuku anavyokalia mayai, limeanguliwa pale kwenye vumbi. Nilisikia haya, na nilisikia wepesi, vyote pamoja. Nikapanda mbele, nikaketi kando yake.

"Bertin," nikamwambia, "endesha."

Alisikia jina lake mudomoni mwangu, na mukono wake ukakosa gia.

Motere ililalamika, ikatoa moshi mweusi wenye harufu ya wali ulioungua, lakini ilipanda. Hospitali tulimukuta Florentine kwenye kitanda cha magurudumu, amejishika kwenye ukuta kwa vidole, anabishana na infirmier, yaani muuguzi. Uso wake ulikuwa kama majivu. Akaniona. Akaangalia nyuma yangu, akamuona na bwana yake.

"Mama, umekuja na nini?"

"Na gari yenu."

"Mulisukuma?"

"Iliwashwa kwangu. Nilikaa mbele."

Akaniangalia sana, anatafuta kama namudanganya. Kisha akaachilia ukuta. "Sawa," akamwambia infirmier, "munipeleke." Nilimushika mukono mpaka mulangoni. Mulango ukafungwa.

Nisieleze kungoja kule, kila mama anakujua. Mutoto alilia. Baadaye infirmier akatoka, akasema ni binti, na mama yake pia mzima. Nilikaa chini kwenye simenti nikalia kwa sauti, na mwenye kucheka acheke.

Florentine alipolala usingizi, nikafungua sufuria zangu pale barazani kwa hospitali. Bertin alikuwa amesimama mbali, amegeukia ukuta, mazoea. Alikuwa hajakula toka jana.

"Kuya ukule," nikamwambia.

Hakusogea.

"Bukwe imekwisha, wewe unajua na mi najua. Kuya ukae."

Alikuja polepole, kama muntu anayeitwa na hakimu tribinali. Akanawa mikono, akanawa tena. Nikamupakulia. Akapeleka mukono wa kuume kwenye wali, akakunja tonge, tonge likaanguka. Akakunja lingine, nalo likaanguka. Akaangalia kando, hakuna wa kumuokoa. Njaa ikamushinda, akainua mukono wa kushoto, akakula nao, haraka, kichwa chini, masikio yote yamemusimama kwa haya.

Kwetu mukono wa kushoto haufiki kwenye chakula. Mutoto akijaribu anapigwa vidole mpaka ausahau. Huyu balimupiga, bila shaka, na hakuusahau.

Akasema bila kuinua macho: "Mama, Florentine ndiye anajua peke yake. Mi nilikuwa naomba Mungu siku hii isifike. Hata gari, ningeisukuma mpaka nizeeke."

Maneno yalinijaa mudomoni. Nayajua yote, ni yale niliyobafundisha batoto bangu kwa makofi. Sombe nilikuwa nimeiweka kuume kwake. Nikainua sahani, nikaihamishia kushoto.